Mama Mdundo na Mashine Iliyokosa Pumzi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, karakana ya idara yetu ya maji itamuaga mtu aliyeitumikia kwa miaka thelathini na miwili. Kwenye karatasi za ofisi ana jina refu la heshima, lakini mlinzi wa getini ukimtajia jina hilo atakwambia mtu huyo hafanyi kazi hapa. Kwetu sote, kuanzia mkurugenzi hadi wanaofagia uwanja, yeye ni Mama Mdundo, fundi mkuu wa injini.

Kuandika wasifu huu nimepewa mimi, dereva wa lori la karakana. Sababu aliyoitoa mkuu wa karakana ni kwamba nimekaa na Mama Mdundo garini muda mrefu kuliko mtu yeyote asiye mume wake. Nilikubali haraka, kisha nikaanza kujuta. Kurudisha nyuma lori lenye trela kwenye uchochoro ni kazi nyepesi ukilinganisha na kumwandika mtu anayesoma kila kitu, mpaka maelezo ya kopo la grisi, na akikuta kosa anakuita uje ulione.

Hakuja hapa kama fundi. Alianza stoo, akigawa spea kupitia kidirisha. Kutoka kidirishani alikuwa akimwona fundi mmoja mzee, mpole na msahaulifu, akija mara kwa mara kuchukua pampu ya dizeli ya mashine ileile. Siku moja akamuuliza kwa nini mashine hiyo inakula pampu kiasi hicho. Mzee alifikiri kidogo, akasema swali hilo ni zuri, waende wakaiulize mashine yenyewe. Walikwenda wote wawili, na jioni ile stoo ilifungwa na mtu mwingine. Yule mzee ndiye aliyemfundisha kazi. Ni marehemu sasa, na Mama Mdundo bado akimtaja anasema "baba" bila kuongeza neno.

Jina la Mdundo alilipata katika mwaka ule wa kujifunza. Alikuwa akiisikiliza injini huku vidole vyake vikigonga meza kufuata mlio wake, na mlio ukiyumba vidole vilisimama. Tabia hiyo ilimfuata hadi kwenye vikao. Hotuba ikirefuka, vidole vilianza kugonga. Mkuu mmoja wa karakana, aliyestaafu kabla yake, alikiri mbele yetu kwamba alijifunza kufupisha maneno kwa kuutazama mkono ule.

Nje ya kazi alikuwa vilevile. Kwenye harusi ya binti wa mhasibu wetu, taa zilianza kufifia na kuwaka, na sauti ya mwimbaji ikawa inarefuka na kufupika kama ya mtu anayeamshwa usingizini. Mama Mdundo aliacha sahani yake, akapotea nyuma ya turubai. Taa zilipotulia alirudi, gauni la kitenge likiwa na doa la oili begani, akaendelea kula. Mume wake, ambaye ni fundi cherehani na ndiye aliyelishona gauni lile, aliliangalia doa kwa muda mrefu. Walipoulizwa baadaye siri ya ndoa yao kudumu, Mama Mdundo alisema ni kwamba mume wake anajua kufua.

Kati ya mashine zote alizozihudumia, aliyoishika zaidi ni ile ya kuchomelea inayokwenda kwa injini. Wengi mnaosoma jarida hili mnaijua kwa kelele zake tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Mabomba yetu hayapasuki karibu na nguzo za umeme. Yanapasuka bondeni, porini, nyuma ya mlima. Huko tunakwenda na mashine yenye injini ya dizeli, injini inazungusha mtambo wa umeme, na umeme huo ndio unaotoa moto wa kuunganisha vyuma. Kila kitu kinategemea mwendo wa injini. Ukishuka, moto unalegea na kiungo kinatoka na vitundu kama mkate. Ukipanda kupita kiasi, umeme unakuwa mkali na vitu vinaungua. Kinachoulinda mwendo huo usipande wala kushuka ovyo ni kifaa kinachoitwa gavana, chenye skrubu ndogo ya kukirekebishia. Skrubu hiyo Mama Mdundo aliilinda kuliko mkoba wake.

Na hapa ndipo anapoingia Cheche.

Cheche ni fundi wetu wa kuchomelea, mkono bora tulionao. Ni mdogo wake mume wa Mama Mdundo, kwa hiyo wale wawili ni mashemeji, na utani wao umetuchekesha miaka yote hii. Kazi ikienda vibaya, Cheche alilaumu injini, na Mama Mdundo alilaumu mkono wa Cheche. Mmoja alisema mashine ina mafua, mwingine alisema mashine imechoka kusikiliza uongo. Ulikuwa ni mchezo, mpaka siku ilipoacha kuwa mchezo.

Siku hiyo Cheche alitumwa na mashine kwenda kuchomelea geti la shule moja. Kesho yake Mama Mdundo aliiwasha mashine karakanani na vidole vyake vikasimama palepale. Injini ilikuwa inapiga kelele kupita kawaida. Kabla hajaizima, taa iliyochomekwa humo ilipasuka na drili mpya ikatoa moshi. Alipoangalia gavana, skrubu ilikuwa imezungushwa.

Cheche hakukana. Alisema mashine ilifanya kazi vizuri kwa muda, kisha ikaanza kuzama mwendo, ikazama mpaka moto ukawa haushiki chuma, na watoto wa shule walikuwa wanasubiri geti lifungwe. Kwa hiyo aliinyanyua skrubu, yaani akaizungusha kupandisha mwendo, ili amalize. Mama Mdundo aliirudisha skrubu mahali pake kwa kipima mwendo, akaiwasha mashine tena na kuiacha ingurume asubuhi nzima. Haikuzama hata mara moja. Akamwambia shemeji yake, mbele ya watu, kwamba amezungusha asichokijua halafu anaisingizia mashine.

Cheche aliondoka. Tangu hapo hawakusemeshana. Nyumbani walikaa kwenye mkeka mmoja na kupitisha maneno kwa mume, ambaye alisema amekuwa posta. Garini walikaa pembeni mwangu, mmoja akiangalia dirisha la kushoto na mwingine akiangalia mbele, na mimi nikaendesha lori lililojaa ukimya kama gunia la simenti.

Kisha bomba kubwa likapasuka.

Ni lile linalotoka kwenye matangi ya mlimani kuja mjini, nene kiasi kwamba mtu anaweza kutambaa ndani yake. Lilikuwa limeachia kwenye kiungo, bondeni, mahali ambapo limelazwa juu ya zege. Chini yake hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha mkono, na kulivunja zege lile kungechukua siku nyingi. Njia iliyobaki ilikuwa ni kulichomelea kutoka ndani. Hospitali ya mji ilikuwa imeanza kupanga wagonjwa wa upasuaji upya, na muuguzi mkuu alikuwa akimpigia simu mkuu wa kazi, aliyekuwa nasi pale bondeni, kila baada ya muda kumwambia maji ya tangi lao yamefika wapi. Kila simu, kiwango kilikuwa chini zaidi.

Cheche aliingia ndani ya bomba kupitia mdomo wa ukaguzi uliofunuliwa mfuniko, na taa, kamba kiunoni, na mpira mpana wa hewa nyuma yake. Hewa hiyo ilisukumwa na feni, na feni na taa vyote vilichukua umeme kwenye mashine ileile ya kuchomelea. Hapo ndipo mjue hali ilivyokuwa. Injini ile haikuwa inatoa moto wa kazi tu. Ilikuwa inampelekea shemeji yake Mama Mdundo hewa ya kuvuta.

Mama Mdundo alisimama kando ya mashine. Mhandisi wetu, dada mtaratibu aliyekuwa ndiyo kwanza amehamia kwetu, alikaa mdomoni mwa bomba akishika kamba. Kazi ilikwenda vizuri. Mwanga wa kuchomelea ulikuwa unacheza kwenye kuta za bomba na moshi ulikuwa unatoka kwa mpangilio. Tulianza hata kuzungumza habari za chakula.

Mimi sikusikia kitu. Mama Mdundo ndiye aliyegeuka. Halafu hata mimi nikausikia mlio ukizama, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Feni ikalegea. Mpira wa hewa, uliokuwa umejaa, ukaanza kunywea.

"Mtoe," alisema.

Mhandisi alivuta kamba. Mkuu wa kazi akasema labda ingepanda yenyewe, ngoja kidogo. Mama Mdundo hakumtazama. "Mtoe sasa hivi," alirudia, na mimi nikaenda kuongeza mikono kwenye kamba.

Cheche alitoka akiwa anakohoa, macho mekundu, ngao ya uso imesukumwa kisogoni. Alikaa chini akavuta hewa kwanza. Neno lake la kwanza kwa shemeji yake baada ya kimya kile chote lilikuwa la hasira.

"Shemeji, mmenizimia feni?"

"Haijazimwa. Injini imekosa nguvu."

Cheche alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Hivyo hivyo ndivyo ilivyonifanyia kwenye geti la shule. Nikasema, nikaambiwa naisingizia."

Mama Mdundo aliinamia mashine. Mkono unaoifungulia injini mafuta ulikuwa umefunguka mpaka mwisho, maana yake gavana ilikuwa inaomba dizeli na haipati. Akafungua filta, akaikuta na uchafu kidogo, akaweka mpya. Akachungulia tangi kuona dizeli imebaki kiasi gani, akaongeza, akafunga. Injini ikawaka ikiwa nzuri kabisa. Cheche akasimama kuchukua ngao yake.

"Kaa," Mama Mdundo alimwambia. "Huingii mpaka niione imefanya kazi."

Akampa kipande cha chuma akichomelee palepale nje, feni na taa vikiwa vimechomekwa, ili injini ibebe mzigo uleule. Kwa muda ilikwenda. Kisha ikazama tena.

Safari ya pili alikuta kibanio cha mpira wa dizeli kimelegea, akadhani hewa inaingilia hapo. Akakikaza, akatoa hewa kwenye njia ya mafuta, akaangalia tangi, akaongeza tena. Injini ikapona. Tukashusha pumzi. Cheche akachomelea kipande kingine cha chuma, na alipofika katikati ikazama kwa mara ya tatu. Simu ya mkuu wa kazi iliita wakati huohuo. Aliipokea akiwa ametupa mgongo, akasema ndiyo, ndiyo, nawaelewa, na aliporudi uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

Cheche alikuja karibu na mashine. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Shemeji, kimebaki kipande cha kiganja tu. Nyanyua skrubu kidogo nikamalizie, halafu tutagombana vizuri huku nje."

"Sinyanyui."

"Wagonjwa wanasubiri."

"Najua. Lakini sijui mashine inakosa nini. Ikikipata ghafla wewe ukiwa ndani, itapanda mpaka feni iungue, na utabaki gizani na moshi wako. Nitamwambia nini kaka yako?"

"Mwambie nilikuwa mbishi. Analijua hilo."

Hakuna aliyecheka. Mama Mdundo alikuwa amekaza taya, na mkono wake uliung'ang'ania ukingo wa boneti. Baada ya miaka yote hiyo ya kumwona akiifungua injini kama mtu anavyofungua kabati lake la nguo, nilikuwa sijawahi kumwona akiogopa.

Ndipo mhandisi aliposogea. "Mama, naomba niseme kitu. Huenda kisiwe na maana."

"Sema, mwanangu."

"Mara ya kwanza umebadilisha filta. Mara ya pili umekaza mpira. Ni vitu viwili tofauti, na mara zote imepona. Lakini mara zote mbili pia umefungua tangi. Nawaza kama kinachoiponya ni kule kufungua tu."

Mama Mdundo alimtazama. Aliiacha injini ijikongoje vilevile, bila kugusa kitu kingine, akaweka kiganja juu ya mfuniko wa tangi na kuuzungusha. Tulisikia tangi likivuta hewa, fyuuu, kwa nguvu kama mtu aliyekuwa amezamishwa majini. Na injini, taratibu, ikaanza kupanda. Ikapanda, ikafika mahali pake, ikatulia. Feni ikapata sauti. Mpira wa hewa ukajaa.

Aliugeuza mfuniko na kuangalia upande wa ndani. Kila mfuniko wa tangi una kitundu kidogo cha kuingiza hewa, ili dizeli ikipungua hewa ichukue nafasi yake. Kitundu kikiziba, tangi linajibana, na pampu inavuta dizeli isiyotaka kuja. Cha kwetu kilikuwa kimefunikwa na raba, duara safi lililokatwa kwa mkono kutoka kwenye tyubu kuukuu.

Aliusogeza mfuniko kwenye mwanga, nasi tukasogea.

"Hii raba niliikata mimi," alisema.

Aliiweka miezi michache nyuma, kabla ya habari ya geti la shule, kwa sababu dizeli ilikuwa inaruka kwenye barabara mbovu na kufanya sakafu ya lori iteleze. Ilikuwa kazi safi, iliziba vizuri. Iliziba vizuri kupita kiasi. Na siku ile alipoijaribu mashine asubuhi nzima karakanani isizame, alikuwa ameacha mfuniko wazi, kama ilivyo kawaida yake, ili aweze kupima mafuta kwa kijiti.

Alimgeukia Cheche. Mkuu wa kazi alikuwepo, mhandisi alikuwepo, vibarua wa kuchimba walikuwepo, nami nilikuwepo. Angeweza kungoja wafike nyumbani.

"Shemeji, hukuisingizia mashine. Ilikuwa inazama kweli, na aliyeikaba koo ni mimi. Nimekununia bure, na leo nusura nikuue. Nisamehe."

Cheche alimtazama, mdomo ukicheza. Kisha akasema, "Rudia kidogo. Dereva hakusikia."

"Dereva amesikia," nikasema.

Hapo watu wakacheka, na kile kicheko kilikuwa kama mlango uliofunguliwa. Mama Mdundo mwenyewe alicheka huku akijifuta uso na kitambaa chenye grisi. Halafu akanyoosha kidole. "Lakini ile skrubu hukutakiwa kuigusa."

"Hilo nalikubali," Cheche alisema. "Na mimi nisamehe."

Raba ikatolewa. Ungedhani hapo kazi ingeendelea mara moja, lakini Mama Mdundo aliijaribu mashine muda mrefu kuliko uvumilivu wetu sote. Aliitia mzigo, akaiacha ipumzike, akaitia mzigo tena. Simu iliita, na mkuu wa kazi akamwangalia kama mtoto anayeomba ruhusa. "Waambie tunakuja," alisema Mama Mdundo. "Usiwatajie saa." Alipokuwa ameridhika, yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga shemeji yake kamba kiunoni, akavuta fundo mara kadhaa mpaka Cheche akalalamika kwamba sasa anakabwa yeye.

Kile kipande cha kiganja kilichomelewa. Mama Mdundo alisimama na mkono juu ya boneti tangu mwanga ulipoanza kucheza ndani ya bomba hadi Cheche alipotokeza kichwa na kusema tayari. Mlio haukuyumba. Mfuniko wa bomba ukafungwa, valvu zikafunguliwa kidogo kidogo, na sisi tukapiga magoti kuzunguka kiungo kile tukikitazama kama watu wanaosubiri yai lipasuke. Maji yalipita ndani kwa kishindo. Nje hapakutoka hata tone.

Baada ya muda muuguzi mkuu alipiga tena. Mkuu wa kazi aliweka simu kwa sauti ili tusikie. "Yamefika," alisema muuguzi, na nyuma yake tukasikia maji yakimiminika kwenye kitu cha bati. "Yamefika. Wodi ya upasuaji wameanza kunawa. Mungu awabariki." Mkuu wa kazi alikaa chini kwenye matope, na suruali yake ya ofisini, akabaki hapo akitabasamu peke yake.

Njiani kurudi, Cheche alisinzia. Alianza kwa kuegemea kiti, akamalizia kwa kuegemea bega la Mama Mdundo. Hakumwamsha. Alikaa wima njia nzima, na kila lori lilipopita kwenye shimo alinitazama kwa jicho ambalo madereva wote wanalielewa.

Wasifu mwingi huishia kusema mstaafu hakuwahi kukosea. Sisi tunamsifu huyu kwa namna alivyokosea. Jumatatu iliyofuata aliisimamisha karakana nzima, akaupitisha ule mfuniko mkono kwa mkono, akaeleza kosa lake tangu mwanzo hadi mwisho, bila kupunguza. Tangu siku ile, kila fundi wetu akikutana na injini inayozama mwendo huanzia kwenye yaliyo rahisi: mfuniko wa tangi, dizeli yenyewe, filta, hewa kwenye mipira, mkono wa mafuta. Gavana huguswa mwisho, na huguswa na kipima mwendo. Mashine zinazorudi karakanani kwa tatizo hilo zimekuwa za kuhesabika.

Jambo la pili alilipigania kwa muda mrefu zaidi, na lilimgharimu vikao vingi vya kugonga meza. Leo hakuna fundi wa idara hii anayeingia ndani ya bomba akitegemea hewa kutoka kwenye mashine anayochomelea. Feni ina jenereta yake, na pembeni kuna jenereta ya akiba. Ombi lilipokataliwa mara ya kwanza, mhandisi na Mama Mdundo walikwenda pamoja hadi mlangoni kwa mkurugenzi. Lilipokataliwa mara ya pili, walimwalika mkurugenzi bondeni, wakamwomba atambae hatua chache ndani ya bomba tupu, kisha wakapunguza mwendo wa feni. Alitoka haraka. Lilipitishwa wiki hiyohiyo.

Mhandisi yule sasa ndiye mkuu wa karakana. Ndiye aliyenituma niandike haya, na aliniambia nisisahau kutaja kwamba siku ile bondeni alikuwa mgeni, anaogopa kuonekana hajui, na kwamba lile neno "sema, mwanangu" limemfanya aendelee kusema hadi leo.

Mafundi wanne wa injini aliowalea wako kazini, na kila mmoja anafungua tangi kabla ya kufungua mdomo. Cheche atastaafu baadaye kidogo. Alipoulizwa atafanyaje bila shemeji yake, alisema atalala vizuri sasa kwa kuwa hakuna wa kumkagua. Kisha akaenda nyuma ya stoo, na tulimwacha huko mpaka alipokuwa tayari kurudi.

Kwa Mama Mdundo mwenyewe, tunachohisi zaidi ni nafuu. Anaondoka akiwa na afya, vidole vyake kumi vyote, masikio yanayosikia mpaka minong'ono, na hakuna mke wala mume wa mfanyakazi yeyote aliyewahi kupokea habari mbaya kutokana na mashine aliyoipitisha kwa mkono wake. Katika kazi yetu, hiyo ni zawadi ambayo wengi hawaondoki nayo.

Mama, asante kwa injini ulizoziponya na kwa watu uliowatoa ndani ya bomba kabla hawajaomba kutolewa. Mume wako ameshatuambia amekushonea gauni jipya, jeupe, na kwamba ni jaribio. Tunakutakia asubuhi zisizo na simu za dharura, chai unayoimaliza ikiwa bado moto, wajukuu watundu, na maisha mema yenye mwendo unaoupanga wewe mwenyewe. Majirani wakikuletea jenereta zao mbovu, waambie umestaafu. Tunajua hutawaambia, lakini sisi tumeshakuruhusu.